Uwezekano Mdogo wa Manyunyu

Kwanza mjue kwamba sisi watu wa Ain Hjal hatuna dogo. Mtu akiteleza sokoni asubuhi, ikifika adhuhuri ameshavunjika miguu yote miwili, na jioni watu wanamwuliza mkewe eda inaanza lini. Kwa hiyo Dalinda alipokosea utabiri wa hali ya hewa, na kwa kosa hilo akaahirisha harusi ya ndugu yake mwenyewe, tulikula naye sahani moja. Siwatetei watu wangu. Nasema tu tulivyo.

Dalinda ndiye aliyekuwa akisoma utabiri wa wiki nzima katika redio yetu ndogo, ile iliyo ghorofani juu ya duka la mikate. Kila Jumapili asubuhi, baada ya matangazo ya vifo na ya ng'ombe waliopotea, alituambia wiki inayokuja itakuwaje. Hakuwa amesomea mambo ya hewa. Alisomea jiografia, akaolewa, akaachika, akarudi kwa mama yake, na redio ikampa kazi hiyo kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Lakini aliipenda, tena sana. Alikaa na ramani kwenye kompyuta mpaka macho yakamwasha, kisha akampigia simu Bi Hlima, mke wa mlinzi wa msitu kule Kef Nsour mlimani, kumwuliza mawingu yamekaaje upande wa Algeria.

Mwisho wa Agosti ndipo tulipomsikiliza kwa masikio yote mawili. Wakati huo wanawake wamejaza mapaa punje za kuskusi, akiba ya ngano ya mwaka, na pilipili za kukausha, harusi ziko kila Jumamosi, na wote tunaisubiri ile mvua ya radi tunayoiita Mwosha-viwanja, kwa kuwa hutukuta tumeshamaliza kupura ngano. Huja mara moja, huja na hasira zake, na haibishi hodi.

Harusi ya Wannes, ndugu yake mdogo Dalinda, ilipangwa Jumamosi ya kwanza ya Septemba. Dalinda akaziona ramani, akaona radi, akasema redioni bila kupepesa kwamba Jumamosi mtu asianike kitu wala asisafiri. Mama yao, Bi Khmaisa, akasogeza harusi wiki moja mbele. Mpishi alinuna, wapiga zumari walinuna, wakwe walinuna zaidi, na watoto wa Mjomba Lazhar waliokuja likizo kutoka Lyon wakapanda ndege kurudi kazini bila kuonja hata kijiko kimoja cha chakula cha harusi. Jumamosi yenyewe ikafika. Mbingu ilikuwa safi toka alfajiri hadi magharibi, jua linatucheka. Radi ilipiga, ndiyo, lakini ilipigia Algeria.

We acha tu. Alipopita sokoni wauza mboga walimfungulia miavuli. Wakamwita Bi Wingu. Jirani mmoja alimwita kutoka juu ya paa, mbele za watu, akamwuliza kama pilipili zake azianike au azivalishe makoti. Dalinda alicheka pamoja nao, maana kwetu ukinuna ndio umewapa kazi, lakini alipofika nyumbani alijifungia chumbani akalia hadi kwikwi ikamshika. Mama yake hakumgombeza. Alimwambia tu, huku akikaza kilemba chake, kwamba siku nyingine akiwa hana hakika, bora anyamaze. Neno hilo lilimchoma kuliko miavuli yote ya sokoni.

Ikaja Jumapili nyingine. Ramani zilikuwa mbaya. Hewa baridi ilikuwa inashuka kutoka kaskazini kukutana na joto la jangwani, na mahali pa kukutania palikuwa juu ya milima yetu, Jumamosi mchana, siku ya harusi. Alizipitia mara ya pili na ya tatu akitafuta kosa, akaomba liwepo, halikuwepo. Akajiandaa kusema waziwazi: Jumamosi kutakuwa na mvua kubwa ya radi milimani, mito mikavu inaweza kujaa ghafla, mtu yeyote asikatishe vivukoni hata kama hapa mjini ni jua.

Nyuma ya kioo alikaa Sofiene, fundi mitambo, kijana asiye na ubaya wowote. Kabla hajamwashia taa nyekundu alimtania kidogo. Alikunja mkono juu ya kichwa chake kama mtu aliyejifunika mwavuli, akacheka. Basi ni hilo tu. Taa ikawaka, na Dalinda akajisikia mwenyewe akisema kwa sauti yake ile nzuri ya redioni:

"Jumamosi, mawingu hapa na pale milimani, na uwezekano mdogo wa manyunyu."

Sofiene akamwonyesha dole gumba. Aliposhuka, mbele ya mkahawa, mzee mmoja alimwinulia kikombe akasema leo umetutendea haki, binti yangu. Dalinda aliitikia asante. Akaharakisha kwenda zake.

Sasa lazima niseme habari ya njia, maana bila njia hakuna hadithi. Bibi harusi, Ahlem, alikuwa wa Bir Dhib, ng'ambo ya Mto Hjal. Karibu mwaka mzima mto huo ni mchanga na mawe tu, mbuzi wanalala ndani yake. Kwetu msafara wa kumchukua bibi harusi hauendi na kurudi kwa njia moja. Huenda kwa barabara ya daraja, ambayo inazunguka mbali, na hurudi naye kwa kivuko, njia ya zege iliyolazwa juu ya mchanga, kukatisha mto, ili apite kwenye kaburi la walii wetu, Sidi Bou Hjal, awashe mshumaa kabla hajaingia kwa mumewe. Akirudishwa kwa njia ileile waliyoendea, ndoa yake haikai.

Na Bi Khmaisa alikuwa na ushahidi, tena alikuwa naye nyumbani. Dalinda naye aliolewa ng'ambo ya mto, kwa mtu aitwaye Monsef. Mwaka huo zege la kivuko lilikuwa limevunjika, wakaja kumchukua kwa daraja, wakarudi naye kwa daraja, mshumaa haukuwashwa, na haukupita muda mrefu akarudi na masanduku yake. Bi Khmaisa alimsimulia habari hiyo kila mgeni, Dalinda akiwa palepale. Ni njia, alikuwa akisema, ningejua ningeahirisha. Dalinda hakuwahi kumkatiza. Alikuwa akimimina chai na kuwauliza wageni kama waongezewe sukari.

Siku zikasogea, ramani zikazidi kuchafuka. Jumatano Dalinda alipanda juu ya paa, akamkuta mama yake akigeuza kuskusi juani kwa viganja.

"Mama, Jumamosi turudi kwa daraja."

Bi Khmaisa hakuinua kichwa. "Kwa nini?"

"Mvua ya milimani. Mto unaweza kuja."

"Redioni umesema manyunyu. Nimekusikia kwa masikio yangu, na majirani wamekusikia, tukamshukuru Mungu. Sasa tushike lipi, la redioni au la darini?"

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Badala yake alisema mambo yamebadilika tangu Jumapili, na mama yake akamjibu kwamba basi yatabadilika tena mpaka Jumamosi. Akajaribu kupitia mlango mwingine: waende kwa kivuko mapema, mto ungali mkavu, kisha warudi na bibi harusi kwa daraja. Mama yake alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ilimuudhi kuliko matusi. Na kaburini atapita saa ngapi, aliuliza, kabla hajatoka kwao?

Alhamisi Dalinda alikwenda redioni kuomba asahihishe utabiri wake. Alifika hadi kwenye ngazi, akasikia kicheko cha Sofiene juu, akaona watu wamejipanga kwenye mikate, wote wanamjua. Akajipanga nao, akanunua mkate, akarudi nyumbani. Ijumaa akafanya vilevile. Mama yake alimwuliza hii mikate yote ni ya nani.

Jioni ya Ijumaa alimshika Wannes akitoka kwa kinyozi, shingo ananukia marashi. Alimwambia anaogopa mto. Wannes ni mpole, hajawahi kumvunjia heshima dada yake, lakini safari hii uso ulimbadilika. "Dada, nakuomba," alisema. "Wakwe wameshasema nyumba yetu inaozesha wana kwa ruhusa ya mawingu. Niachie siku moja tu. Moja." Dalinda akamwachia.

Jumamosi kulipambazuka jua kali, hakuna hata unyoya wa wingu. Walikwenda kwa daraja, honi zinapigwa, riboni zinapepea kwenye vioo, ngoma na zumari kwenye pikapu ya nyuma. Dalinda alikaa mbele katika gari la kwanza, kando ya Mjomba Lazhar anayeendesha, mama yake nyuma yao pamoja na mke wa mjomba, Bi Mahbouba. Kutoka darajani aliutazama mto chini, mkavu, umelala. Akajiambia huenda amekosea tena. Aliomba awe amekosea. Achekwe hadi kaburini, lakini awe amekosea.

Kwa wakwe mambo yakachelewa, maana kaka yake Ahlem aliketi mlangoni akaweka mguu kwenye fremu, hatoki mtu mpaka abembelezwe. Ni desturi, na huwa tunaifurahia. Wanawake wakaimba, wajomba wakabishana kwa mizaha, chai ikaja, ikaja na soda, kaka mtu akaapa kwamba bado hajaridhika. Dalinda alisimama uani akiangalia upande wa magharibi. Juu ya milima palikuwa na mstari mweusi mwembamba. Mtu mwingine angesema ni ukungu wa joto.

Simu ikalia. Alikuwa Bi Hlima, na alikuwa anapiga kelele ili asikike.

"Mwanangu, huku hatuonani. Tangu mchana ni maji na mawe ya barafu. Mto umechukua mbuzi wa Belgacem wote, unashuka kwenu. Mwambie mtu ye-"

Ikakatika. Alipiga tena na tena, hakuna kitu. Dalinda alikuwa anajua maji yakitoka Kef Nsour hufika kwetu, lakini hakujua yanachukua muda gani. Inategemea. Huenda yalikuwa bado mbali, huenda yalikuwa nyuma ya kilima kile. Alimvuta Mjomba Lazhar pembeni akamwambia. Mjomba, ambaye bado alikuwa na donge la wanawe wa Lyon, aliangalia juu, akaangalia kiganja chake kama kuna tone, akamwambia aende akale halua.

Mlango ukafunguliwa wakati jua limeshainama. Ahlem akatoka ndani ya gauni jeupe, analia na kucheka, vigelegele vikapasua masikio. Wakampakia gari la pili, Wannes mwenyewe akiendesha, redio ya gari imefunguliwa hadi mwisho. Msafara ukaondoka kwa kasi, kwa kuwa kila mtu alikuwa na njaa na kuskusi ya mpishi aliyenuna ilikuwa inapoa. Kwenye njia panda, kulia ni daraja, kushoto ni kivuko. Bi Khmaisa alimgusa wifi yake Mahbouba begani, akatabasamu, akamwambia kaka yake haya, kushoto, kwa jina la Mungu.

Barabara ya kivuko inateremka taratibu kati ya miti ya mizeituni, halafu kingo zinafunguka na unaona mto wote. Mjomba Lazhar alipopunguza mwendo hapo juu ya mteremko, Dalinda alinyoosha mkono, akazima gari, akachomoa ufunguo. Gari likashtuka likasimama. Alishuka, akasimama mbele yake, ufunguo ameubana ngumini.

Nyuma honi zikaanza. Pikapu ya wapiga ngoma haikungoja, ilizipita gari zote pembeni, ikashuka vumbi tupu, ikakatisha zege na kupanda ng'ambo. Wakasimama huko wakageuka, zumari linalia, wanawapungia wengine waje. Walikuwa wazima, wamekauka, wanacheka. Dalinda aliwatazama, na kila pigo la ngoma lilikuwa linamwambia Bi Wingu, Bi Wingu.

Mjomba alishuka akataka ufunguo wake. Hakupewa. Bi Mahbouba alitoa kichwa dirishani akasema kwa sauti ya kusikika na gari la nne kwamba huo ni wivu wa mtalaka, tangu lini aliyeachika akasimamia harusi. Watu wakaanza kushuka na kukusanyika. Kisha Bi Khmaisa akashuka, polepole, ameshika pindo la vazi lake la hariri, viatu vya dhahabu vinazama vumbini.

"Dalinda. Watu wanatazama."

"Mto unakuja, mama. Bi Hlima amenipigia."

"Uko wapi?" Bi Khmaisa alinyoosha mkono kwenye mchanga, huku na huku. "Nionyeshe. Wewe mwenyewe ulisema uwezekano mdogo wa manyunyu. Mji mzima umekusikia."

"Nilidanganya."

Mjomba Lazhar, aliyekuwa anataka kuufungua mkono wa Dalinda kwa nguvu, akauacha.

"Nilijua Jumapili ileile," Dalinda alisema. "Nilikuwa niseme mto utajaa, mtu asipite kivukoni. Niliogopa kuchekwa, nikasema manyunyu. Nichekeni sasa. Chekeni mpaka mchoke. Lakini hapa hapiti mtu."

Hakuna aliyecheka. Wengine walitazamana, wengine walitazama mbingu juu yao, na mbingu, kwa ubaya wake, ilikuwa ya bluu. Bi Khmaisa alisogea hadi karibu na uso wa bintiye, akashusha sauti.

"Unataka nimrudishe huyu binti kwa njia waliyokupitisha wewe? Yaliyokupata wewe hayajatosha?"

Dalinda alikuwa ameyabeba maneno haya muda mrefu hata akadhani yamekufa. Kumbe hayakufa.

"Njia haikunifanya kitu, mama. Monsef alikuwa ananipiga. Alianza mwezi wa kwanza. Nilirudi kwa sababu alikuwa ananipiga. Kila ukimsimulia mgeni habari ya daraja mimi nimenyamaza, namimina chai, kwa sababu imetupa wote nafuu. Leo siwezi."

Aliyekuwa akipiga honi aliacha. Bi Mahbouba akarudisha kichwa ndani ya gari. Mkono wa Bi Khmaisa ulikuwa bado umeshika pindo la hariri, na uso wake ukawa uso wa mtu mzee.

Hapo ndipo gari la Wannes liliponguruma. Vioo vyake vilikuwa vimefungwa na muziki uko juu, hakuwa amesikia hata neno moja. Aliona tu dada yake amesimama njiani kumharibia siku, na ng'ambo wapiga ngoma wakimwita. Alikata usukani, akapita pembeni ya gari la mjomba wake kwa unene wa kidole, akashuka mteremko kuelekea kwenye zege, na Ahlem ndani, shela limebanwa mlangoni linapepea.

Dalinda alipiga hatua, lakini Bi Khmaisa alikuwa ameshaondoka. Mwanamke huyo, ambaye kwa maumivu ya magoti huswali ameketi, alishuka ule mteremko mbio, hariri imekunjwa hadi mapajani, kiatu kimoja kikamtoka asikiangalie. Hakufuata barabara. Alikata moja kwa moja kwenye mawe, akaanguka, akainuka, akaingia kwenye zege mbele ya gari la mwanawe akatandaza mikono. Wannes alikanyaga breki. Gari liliserereka likasimama magoti ya mama yake yakigusa namba za gari.

"Rudi nyuma," Bi Khmaisa alisema. Hakupiga kelele. Alikuwa anapiga boneti kwa kiganja, mara kwa mara. "Rudi nyuma, mwanangu. Rudi nyuma."

Wannes akalirudisha gari kinyumenyume. Matairi ya nyuma yaliteleza ukingoni mwa zege, yakaingia mchangani, yakazunguka bure. Hapo Dalinda alikuwa ameshafika chini, na hapo ndipo alipouona. Kutoka kwenye kona ya mto, juu ya mchanga mkavu, ulikuwa unakuja ulimi wa maji mwembamba, wa kahawia, unasukuma mbele yake povu, majani na mavi ya mbuzi. Ulikuwa mdogo kabisa, mtu angeuruka. Nyuma yake kulikuwa na sauti, na sauti hiyo haikuwa ya ngoma.

Alipiga ukelele kumwita Mjomba, na Mjomba Lazhar, Mungu ambariki, hakuuliza. Alishuka na wanaume kadhaa, wakatia mabega kwenye gari pamoja na mama mtu na dada mtu, wakasukuma huku mchanga unawarukia machoni. Maji yaliwafikia vifundoni. Yalikuwa baridi ya barafu siku ya joto kama ile. Gari likatikisika, likarudi mchangani, likatikisika tena, likashika, likapanda mteremko kinyumenyume injini inalia, Ahlem amejifunika uso kwa mikono yote miwili.

Walipanda kwa kushikana. Dalinda alimshika mama yake kwa mkanda wa dhahabu wa vazi lake akamvuta, na Bi Khmaisa, mguu mmoja mtupu, alipanda kwa mikono na magoti. Walipofika juu waligeuka. Zege halikuwepo tena. Kulikuwa na maji kutoka ukingo hadi ukingo, mekundu, mazito, yanabingirisha magogo, na tangi la maji la mtu, na mnyama ambaye miguu yake ilitokeza mara moja ikazama. Ng'ambo wapiga ngoma walikuwa wamesimama kimya juu ya pikapu yao.

Watu walifanya ambayo watu hufanya. Mmoja alilia, mmoja alipiga picha, Bi Mahbouba alisoma dua kwa sauti kubwa kuliko wote. Wannes alitoka garini, akaenda nyuma ya mzeituni akatapika, suti ya harusi mwilini. Mtu alimfunika Ahlem koti. Hakuna aliyemtazama Dalinda usoni, na hakuna aliyemwita jina lolote.

Bi Khmaisa alikaa chini vumbini, miguu ameinyoosha, mguu mtupu unatoka damu kisiginoni. Dalinda alipiga magoti mbele yake, akavua kitambaa chake cha kichwa, akaanza kuufuta. Mama yake alikuwa anaangalia maji.

"Hamamuni," alisema.

Dalinda alidhani anasema ovyo, kwa mshtuko.

"Ulipokuwa kwa Monsef. Ukija kwangu Alhamisi tulikuwa tunakwenda hamamu kuoga. Nilikuwa nakusugua mgongo." Alifuta vumbi kwenye goti. "Niliziona alama."

Kitambaa kikasimama mkononi mwa Dalinda.

"Niliziona, mwanangu, kila mara. Nikawa nasugua taratibu hapo, usiumie."

Dalinda alitaka kumkumbatia, na alitaka kuondoka amwache hapohapo chini asigeuke tena, na hakujua lipi lilikuwa kubwa zaidi. Hasira zilimpanda hadi machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. Halafu alimalizia kuufunga ule mguu, akakaza fundo ili damu isitoke, akamshika mama yake kwapani akamwinua. Ufunguo wa gari ulikuwa bado kwenye mkono wake mwingine, umemchora alama kiganjani. Akampa Mjomba Lazhar, akamwambia awaambie wageuze magari, wanarudi kwa daraja, na aende taratibu kwa sababu bibi harusi ameogopa.